Mama Mmakonde, baba Mchaga: binti achezwe unyago au asichezwe?

Wakuu, hili nalileta hapa maana kwenye vikao vya familia limeshindikana, na Desemba hiyo inakuja.

Dada yangu wa tumbo moja kaolewa na Mchaga. Shemeji alikuja Mtwara na kazi za kiwanda cha saruji, akaoa, akakaa. Wana binti wa miaka kumi, yuko darasa la tano, na mdogo wake wa kiume wa miaka saba. Mama yetu yuko Newala, na kwake hakuna cha kujadili: likizo hii mjukuu anaingia chiputu, ndiyo unyago wetu, mwakani mdogo wake anaingia kumbini, yaani jandoni. Shemeji naye alishasema tangu mwezi wa sita kwamba Krismasi watoto wote wanakwenda Moshi kwa babu yao, na binti yake hachezwi na mtu yeyote.

Mimi ndiye mjomba. Kimila neno la mwisho juu ya watoto wa dada ni langu, ndiyo maana simu zote zinaishia kwangu.

Wengi wakisikia habari kama hii wanasema ni mila inagombana na usasa. Mimi sioni usasa wowote hapa. Shemeji anadai watoto kwa mila, mama anadai watoto kwa mila. Sisi Wamakonde, kama Wayao, Wamakua na Wamwera, ukoo tunauhesabu kwa mama. Mchaga anauhesabu kwa baba, mtoto wa kwanza wa kiume anabeba jina la babu mzaa baba, na kihamba, lile shamba la ukoo, kinamsubiri. Kwa hiyo hawa watoto wana wenyewe wawili, na kila mmoja kwao ana haki.

Kusini tumechanganyika tangu zamani, Mmakonde kaoa Myao, Mmwera kaolewa na Mmakua, na sijasikia wazee wakigombea watoto. Lugha zilitofautiana, ngoma zilitofautiana, lakini mjomba alikuwa mjomba kote. Daraja la Mkapa pale Rufiji lilipofunguliwa 2003, kisha gesi, kisha saruji, wakaja watu wa kila mkoa wakaoa hapa. Harusi zilichezwa vizuri sana. Habari ya watoto hakuna aliyeigusa.

Nimeisoma Sheria ya Ndoa ya 1971, kile kifungu cha 125 cha nani akae na mtoto. Mahakama inatakiwa itangulize maslahi ya mtoto, halafu iangalie matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe kama umri wake unaruhusu, na mila za jamii wanakotoka. Jamii ipi sasa, ikiwa ziko mbili? Sheria ya Mtoto ya 2009 naona inasaidia zaidi, maana inakataza mila inayomdhalilisha au kumuumiza mtoto. Inaangalia mtoto anafanyiwa nini.

Msimamo wangu ni huu: binti asichezwe Desemba hii. Miaka kumi bado. Zamani mwali alifunzwa akishavunja ungo, sasa tunawawahi kwa sababu korosho zimelipwa, hela ipo, na kila bibi anataka kigoma kipigwe uwanjani kwake. Kijana akatahiriwe hospitali, kisha aingie kumbini. Semeni.

*Mchaga wa Lindi mjini*

Mjomba, umeongea kwa haki, ila hujagusa kinachotuuma sisi wakwe. Mimi pia nimeoa huku. Tohara kwetu ipo, hilo halina ubishi. Kinachonishinda ni siri. Mwanangu anachukuliwa siku kadhaa, anarudi amepakwa mafuta na amefungwa khanga mpya, watu wanamtunza hela, nikiuliza kafundishwa nini naambiwa hayo si ya wanaume. Mama yake ananiangalia tu na kucheka. Kama mafunzo ni mazuri, kwa nini baba mzazi asiyajue?

*Mjukuu wa kungwi, Kitangari*

Bibi yangu ni kungwi, kanisikia nasoma kwa sauti, kakaa hapa pembeni anataka niandike anavyosema. Haya:

"Mwambie huyo mkwe, hata angekuwa Mmakonde asingeambiwa. Mume wangu alikufa hajui. Hayo mambo anayajua mama wa mtoto, na mama wa mtoto ni mzazi vilevile. Mnataka tungoje mpaka aje na tumbo ndiyo tumfunze? Hapa kwetu damu ya kwanza siku hizi inakuja na miaka kumi na moja. Na akikua bila kuchezwa, wenzake wakiingia kwenye ngoma yeye atasimama nje na watoto wadogo. Atakuja hapa na digrii yake, tutamwambia subiri huko."

Mwisho wa kunukuu. Mimi mwenyewe nina maoni tofauti ila sitayaandika akiwa hapa.

*Mwalimu, Tandahimba*

Shikamoo bibi. Nakubaliana na wewe kwamba watoto wafunzwe, tena mapema. Usafi wa hedhi, namna ya kujikinga na watu wazima wenye tabia mbaya, hayo hata shuleni tunafundisha. Lakini mie ndiye ninayewapokea Januari. Mtoto wa darasa la nne anarudi anaitwa mwali, nyumbani kaambiwa ameshakuwa mtu mzima, na wavulana wakubwa wa mtaani nao wanajua kachezwa. Uwanjani walimwona, wakamtunza. Mafunzo ni siri, ila tangazo linapigwa kwa spika kijiji kizima. Nyie makungwi mngegeuza: tangazo liwe siri, mafunzo yawe wazi kwa wazazi wote wawili.

Na hili halihusu ndoa za mchanganyiko peke yake. Wamakonde watupu nao nawaona wakivutana hivihivi, sema wao wanavutana chini kwa chini.

*Mama watatu, Nachingwea*

Nyie mnalia watoto wanagombewa, mimi wangu hawagombewi na yeyote! Mimi Msukuma, mume wangu Mmwera. Kwetu Shinyanga wanasema ng'ombe walipokelewa, watoto ni wa mume, wakaombe huko. Nikija kwa mama mkwe, ana wajukuu wake, watoto wa mawifi. Wangu anawapenda, anawapa mabibo na korosho za kuchoma, lakini ukifika wakati wa jando ananiuliza, "Kaka yako anasemaje?" Kaka yangu anachunga ng'ombe huko, hajui kumbi ni nini. Mwanangu mkubwa ana miaka kumi na miwili, wenzake wote wameshatoka, yeye anaulizwa kila siku na anakosa jibu. Mnishauri na mimi.

*Mzee wa Masasi*

Dada wa Nachingwea, pole. Tafuta mtu mzima upande wa mumeo asimame kama mjomba, mbele ya mashahidi. Kwetu linafanyika, hasa kwa watoto wa wafanyakazi wahamiaji. Mtoto hawezi kukosa jando kwa sababu kaka mtu yuko mbali.

Mwenye mada naye asidhani haya yameanza na gesi. Hapa Masasi, Waanglikana walikutana nayo zamani. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa Masasi kuanzia 1926, hakulipiga marufuku jando. Alilitengeneza likawa la Kikristo, na mapadri wakashiriki, ili mtoto asilazimike kuchagua kati ya kanisa na ukoo wake. Wapo waliosema amelainisha dini, wapo waliosema ameharibu jando. Lakini lilichezwa. Kwa hiyo kungwi asituambie chiputu haibadiliki, na mkwe asituambie haiguswi.

*Mchaga wa Lindi mjini*

Mzee, hapo umenipata kidogo. Basi niwekeeni masharti: mafunzo yafanyike nyumbani kwangu, afunze shangazi au mtu anayemfahamu mama yake, na mtoto awe ameshavunja ungo. Spika sitaki.

*Mwenye mada*

Ndugu wa Lindi, shangazi wa mtoto ni dada yako wewe, Mchaga mwenzako, atafunza nini? Kwetu atakuja mama mdogo au bibi. Mengine yote uliyosema nayachukua.

Bibi wa Kitangari, shikamoo. Hoja yako ya damu kuja mapema siwezi kuipinga, ndiyo maana nasema tusihesabu miaka, tungoje dalili yenyewe. Ikija na kumi na moja, basi kumi na moja. Lakini ndani ya nyumba, bila uwanja.

Nimeongea na dada jana usiku. Desemba watoto wanakwenda Moshi, nauli nachangia mimi ili mama ajue ni uamuzi wangu na hasira zake azilete kwangu. Kijana atatahiriwa, na likizo ya Juni ataingia kumbini, baba yake amealikwa siku ya kutoka. Shemeji amekubali, sikutegemea. Kabaki na swali moja ambalo sikuwa na jibu lake: kijana akitoka kumbini anapewa jina jipya, na lile alilonalo ni la babu yake wa Moshi, mzee yuko hai na analipenda. Nani hapa amewahi kuona wakipatana kwenye hilo?

*Mzee wa Masasi*

Mwacheni babu wa Moshi achague la kumbini pia. Mpigieni simu mapema, maana atataka kujua na mbuzi ni wa nani.