Kisima cha babu kimegeuka chumvi: je, tuchimbe zaidi au tuache?

Mjukuu wa Kisauni (mwanzilishi wa uzi)

Asalaam aleikum wanajukwaa. Naomba ushauri wenu kabla sijamlipa fundi.

Nyumbani kwetu Kisauni tuna kisima alichokichimba marehemu babu yangu kwa sururu na mtaimbo, akapasua mwamba wa matumbawe hadi akafika kwenye maji, na kina chake ni mita 14. Tumeyanywa maji yake tangu utotoni, na maji ya mfereji yalipokatika, majirani walikuwa wakija kwetu na ndoo zao bila kutozwa hata senti. Tangu mwezi wa Desemba maji hayo yamebadilika. Chai haimezeki, sabuni haitoi povu, na migomba miwili tunayoimwagilia imeungua kingo za majani kana kwamba imepitiwa na moto, ilhali mnazi ulio kando yake hauna dalili yoyote. Hori la bahari liko mita 700 hivi kutoka kwetu, wala hatujawahi kuliona likifurika.

Mwaka jana jirani yetu mwenye nyumba za kupangisha alichimba kisima cha mashine na kufunga pampu ya umeme inayonguruma usiku kucha. Fundi niliyemwita anasema tuongeze mita 6, kwa kuwa chini ya chumvi kuna mkondo mtamu. Mama yangu ana ugonjwa wa presha, na sasa tunanunua maji ya mkokoteni kwa shilingi 30 kila mtungi wa lita 20, mitungi minne kwa siku. Je, tuchimbe? Na chumvi hii imetoka wapi ikiwa bahari iko mbali kiasi hicho?

Baharini Tu

Chemsheni na mtie klorini, ndugu. Maji ya visima vya Mombasa yote ni ya namna hiyo.

Mwalimu Mstaafu

Naomba kutofautiana na ndugu aliyetangulia. Klorini huua vijidudu, lakini haina la kufanya na chumvi. Kuchemsha ndiko kunakozidisha tatizo, kwa sababu kinachotoka kwa mvuke ni maji matupu. Lita 5 zikipungua hadi 4, chumvi ya lita 5 yote imebaki ndani ya lita 4.

Sasa nije kwa mwenye uzi. Bahari haiishii pale unapoiona ikiishia. Mwamba wetu ni matumbawe ya kale, mengi yake yakiwa yalikua takriban miaka 125,000 iliyopita wakati bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo, na umejaa matundu na nyufa kama sifongo. Maji ya chumvi hupenya humo hadi chini ya nyumba zenu. Maji ya mvua nayo huzama kutoka juu, na kwa kuwa ni mepesi kuliko ya bahari, huelea juu yake kama mafuta ya nazi yanavyoelea juu ya mchuzi, ingawa tofauti na mafuta, hapo yanapokutana huchanganyika kidogo kidogo. Kisima cha babu yako kilikuwa kikiteka tabaka hilo linaloelea.

Uzito ndio unaoamua unene wa tabaka hilo. Lita 40 za maji ya bahari zina uzito sawa na lita 41 za maji matamu. Kwa hiyo kila mita 1 ya maji matamu iliyoinuka juu ya usawa wa bahari hubeba chini yake mita 40 za maji matamu. Kanuni hii ilielezwa na Mholanzi Badon Ghyben na Mjerumani Herzberg, kila mmoja kwa wakati wake, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Ukiisikia mara ya kwanza inafurahisha, hadi uisome kinyumenyume: pampu ikishusha uso wa maji kwa nusu mita tu, na hali hiyo ikaendelea, mpaka wa chumvi hupanda mita 20. Isitoshe, chini ya pampu yenyewe chumvi huinuka na kuchongoka mfano wa kichuguu.

Kwa hiyo fundi wako anakupeleka baharini kwa njia ya sururu. Ni kweli kwamba ziko sehemu ambazo tabaka la udongo mfinyanzi hutenga maji ya juu na ya chini, na hapo maji matamu huweza kupatikana chini ya yale ya chumvi, lakini katika matumbawe yaliyotoboka mimi nisingemlipa mtu kwa matumaini hayo.

Wala usidhani kuwa inahitajika chumvi nyingi. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Ukimimina bilauri moja ya robo lita katika ndoo ya lita 20 za maji safi, umekwisha kukaribia miligramu 250 za kloraidi (sehemu kubwa ya chumvi hiyo) kwa lita, kiwango ambacho ulimi huanza kukitambua.

Fundi wa Likoni

Mwalimu amesema kweli, ingawa ameusema ufundi wetu kwa ukali kidogo. Mimi nimechimba visima kwa zaidi ya miaka 20 na nitakiri kosa langu mwenyewe. Kuna mteja aliyeniomba nimwongezee mita 4 kisima kilichokuwa kimepungua maji wakati wa kiangazi. Tulipofika mita ya tatu maji yalibubujika hadi kiunoni, vijana wangu wakapiga vigelegele, nami nikachota kwa kiganja na kuonja. Nilinyamaza. Nilipanda ngazi nikiwa najua tayari kwamba nimemharibia, na pesa zake sikuweza kuzichukua zote.

Kabla ya kumlaumu jirani, fanya vipimo vitatu. Kwanza, chukua chupa, ifunge jiwe la kuizamisha, izibe kwa kizibo chenye uzi wake, uishushe hadi chini kabisa ndipo uvute kizibo. Onja maji hayo na uyalinganishe na ya juu, na uonje tu bila kumeza. Pili, pima uso wa maji kwa uzi wenye timazi wakati wa kujaa na wakati wa kupwa, siku za bamvua (bahari inapojaa na kupwa sana) na siku za maji mafu (inapojaa na kupwa kidogo), kwa maana kisima kinachopumua pamoja na bahari kimeungana nayo. Tatu, pima kabla pampu ya jirani haijawashwa na baada ya kufanya kazi usiku mzima.

Angalia pia sufuria. Maji ya matumbawe huwa na chokaa, nayo pia hukataa povu la sabuni. Utando mweupe unaoganda sufuriani baada ya kuchemsha ni chokaa hiyo, na haina uhusiano na bahari. Wengi huchanganya ugumu wa maji na chumvi yake.

Muuguzi wa Pwani

Kaka, mama asiyanywe maji hayo wala asipikiwe kwayo hadi ujue yakoje, kwa sababu sodiamu huongeza presha. Lakini nina hofu nyingine ambayo hamjaigusa. Vyoo vya shimo viko umbali gani? Ushauri wa kawaida ni visipungue mita 30 kutoka kisimani, na katika mwamba wenye nyufa hata umbali huo hautoi hakikisho, kwa kuwa maji machafu hupita kwenye ufa bila kuchujwa na udongo wowote. Yapelekeni maabara yapimwe vijidudu na naitreti, kemikali inayoweza kutokana na kinyesi, pamoja na chumvi. Naitreti haina ladha wala harufu, haiondoki kwa kuchemsha, na ikizidi miligramu 50 kwa lita huwa hatari kwa mtoto mchanga anayechanganyiwa maziwa ya unga kwa maji hayo.

Mjukuu wa Kisauni

Nimerudi baada ya wiki mbili, na nawashukuru nyote. Maji ya juu yana chumvi ya mbali, lakini yaliyotoka chini kwenye chupa ni ya kutema papo hapo. Siku ya bamvua uso wa maji ulipanda na kushuka kiasi cha shibiri moja, tena ulichelewa saa mbili hivi nyuma ya bahari yenyewe. Siku za maji mafu mabadiliko yalikuwa upana wa vidole viwili tu. Alfajiri, baada ya pampu ya jirani kunguruma kwa saa tisa, ladha ya juu huwa mbaya kuliko ya jioni. Maabara imekuta pia vijidudu vya choo, na ni kweli kwamba choo chetu wenyewe kiko mita 18 kutoka kisimani. Hilo limetuaibisha. Je, nimshtaki jirani?

Bi Mwana

Mwanangu, usianze na mashtaka. Nenda kwake na daftari lako la vipimo, umuulize maji yake yeye yakoje. Ikiwa kisima chake kinateka chini zaidi ya chenu, basi wapangaji wake wanaoga chumvi na mifereji yake inaota kutu. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inataka mtu apate kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji kabla ya kuchimba kisima cha namna hiyo, kwa hiyo njia ya ofisini ipo, lakini ujirani ukivunjika hauchimbwi tena kwa mashine.

Fundi wa Likoni

Kwa vipimo hivyo, badala ya kuongeza kina, punguza. Una mita ngapi za maji? Kama ni mbili na nusu, jaza mita moja ya chini kwa mawe ya matumbawe yaliyooshwa, kisha changarawe juu yake, ili usiteke tena kwenye tabaka la chumvi. Mkitumia pampu, iwe ndogo, na mdomo wa bomba ufungwe kwenye boya ili uvute chini kidogo tu ya uso wa maji. Tekeni kidogo kidogo, mkipumzika. Jirani naye zile saa zake tisa za kuvuta maji azigawanye kati ya asubuhi, mchana na jioni.

Mwalimu Mstaafu

Nyumba yenu imeezekwa kwa mabati au makuti? Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Mombasa hupata takriban milimita 1,000 kwa mwaka, hivyo paa la mabati la mita 80 za mraba, hata likipoteza sehemu moja ya tano, hukupa lita 64,000. Mitungi yenu minne kwa siku ni lita 29,200 kwa mwaka. Ugumu uko kwenye tangi, kwa sababu sehemu kubwa ya mvua hiyo humwagika kati ya Aprili na Juni. Maji ya kwanza ya kila mvua yamwageni, maana kunguru wa mji huu hawana adabu na mapaa ya watu. Yanayobaki yachemsheni kabla ya kunywa. Hapa ndipo ushauri wa ndugu Baharini Tu unapofaa.

Mjukuu wa Kisauni

Ni mabati. Jirani nimemwona, na wapangaji wake wamekuwa wakilalamika tangu Januari. Amekubali kugawanya saa. Choo tutakihamisha. Swali la mwisho: kisima kitarudi utamu baada ya muda gani?

Mwalimu Mstaafu

Chumvi huingia upesi na hutoka kwa ubishi, kwa kuwa inasubiri kusukumwa na mvua. Usiyatarajie mabadiliko kabla ya masika kumalizika, na huenda mkahitaji masika mbili au tatu. Endelea kupima kila bamvua na uandike, ikiwezekana kwa kile kifaa kidogo cha mkononi kinachopima upitishaji wa umeme katika maji, kwa sababu ulimi huzoea.

Fundi wa Likoni

Na uso wa maji upime kwa uzi wa mwashi, usipime kwa kamba ya ndoo. Kamba ya ndoo huvutika, itakudanganya shibiri nzima.