Askari asiyekufa: nimpitishe vita vyote au nimbakishie vichache?

Mtunzi wa Chumbageni:

Wakuu, habari zenu. Naandika riwaya ya mtu aliyezaliwa Kilwa kabla ya Wareno. Hazeeki, na jeraha halimuui. Nimempa jina Mbaraka. Anaanza Julai 1505, Francisco de Almeida aliposhusha askari wake Kilwa. Kutoka hapo nimempeleka Mombasa, vita vya Shela huko Lamu, Pangani kwa Abushiri aliyewapinga Wajerumani, Lugalo 1891 akiwa na Wahehe, hadi Tanga Novemba 1914. Kila sura vita, kila vita silaha mpya.

Dada yangu kasoma yote akaniambia, "Namwona anapigana tu, simjui." Neno hilo limenikaa moyoni. Nataka vijana wajue nchi hii ilipiganiwa kiasi gani, ndiyo maana kufuta sura kunaniuma. Nipunguze? Vibaki vita vipi?

Mwana wa Kibokoni:

Ndugu yangu, mfungie Fort Jesus, ngome ya Wareno Mombasa, umtulize humo. Waomani waliizingira ngome kuanzia Machi 1696 mpaka Desemba 1698, na waliokuwa ndani hawakuwa Wareno peke yao. Walikuwamo watu wa Faza, mji wa kisiwa cha Pate, wanaume kwa wanawake. Njaa na maradhi viliwamaliza kuliko mizinga. Mwaka 1697, Wareno walipokwisha, Bwana Daud wa Faza ndiye aliyeongoza ulinzi kwa muda.

Sasa nikuulize: Mbaraka atakuwa upande gani? Alimpiga Mreno mwaka 1505. Karibu miaka mia mbili baadaye yumo ukuta mmoja na Mreno, na walioko nje ni Waislamu wenziwe. Na njaa je? Kuisikia ataisikia, kufa hafi. Basi kila kibaba anachokula kamnyima mtu anayeweza kufa. Hapo dada yako atamjua.

Mjukuu wa Mpogoro:

Kijana wangu, nimeyasoma majina ya vita vyako nikatafuta Maji Maji, vita vya kuwapinga Wajerumani vya 1905 hadi 1907, sikuiona. Umeruka kutoka 1891 hadi 1914! Mimi nimekulia Mahenge, kwa hiyo hili nalisema kwa uchungu: vita ambavyo watu waliviendea wakiamini risasi haitawaua, ndivyo ulivyomnyima mtu ambaye kweli risasi haimuui.

Fikiria vizuri. Kinjikitile, mganga aliyegawa maji ya dawa, alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905, lakini dawa ilikwisha kusambaa. Watu walikunywa maji, wakanyunyiziwa, wakaahidiwa kwamba risasi ya Mjerumani itageuka maji. Tarehe 30 Agosti Wapogoro na Wambunga wakaiendea boma ya Mahenge. Mikononi mikuki na magobori. Ndani ya boma Mjerumani ana bombomu, yaani bunduki za rashasha, askari wake ni Waafrika. Watu walianguka kwa mamia.

Mweke Mbaraka katika mstari wa mbele. Anapigwa risasi kifuani mbele ya macho ya watu, anainuka. Walio nyuma yake wataona nini? Wataona dawa inafanya kazi! Waliokuwa wameanza kusita watasonga mbele kwa sababu yake. Yeye anajua hakunywa hata tone, na kwamba alikuwa hivi tangu Kilwa. Apige kelele warudi? Nani atamwamini mtu aliyeinuka na tundu kifuani akisema dawa ni ya uongo?

Humo ndimo ilimo riwaya yako yote. Mtu asiyekufa ni hatari kwa jirani zake, kwa maana ujasiri wake haumgharimu kitu na wao wanauiga kwa roho zao. Vita vingine vyote uvipime kwa swali hilo: nani alikufa kwa kumfuata Mbaraka? Ambako hakuna jibu, futa sura.

Nakuomba pia usiishie bomani. Baada ya mapigano Wajerumani walichoma mashamba na maghala, na njaa ikaua watu wengi kuliko bunduki. Mwana wa Kibokoni kakwambia habari ya kibaba. Hapa hakuna hata kibaba. Mpe Mbaraka kazi ya kuzika. Mtu aliyepigana miaka 400 sijui kama amewahi kuchimba kaburi katika kitabu chako.

Binti Pate:

Naongeza dogo. Fumo Liyongo, shujaa wa tenzi za pwani, naye silaha hazikumuua, ila sindano ya shaba kitovuni. Aliyemchoma ni mwanawe, aliyetumwa kuichunguza siri, na Liyongo alimwambia kwa kinywa chake huku akishuku. Mbaraka wako ana siri gani, na nani anaijua? Akikosa hata mtu mmoja wa kumwambia, miaka yote hiyo ameishi bila kumpenda mtu, na sidhani ndivyo unavyotaka.

Mtunzi wa Chumbageni:

Ahsanteni sana wote. Shela, Pangani na Lugalo nimeziondoa. Tanga nimeiacha kwa sasa kwa sababu ni nyumbani, nitaipima kwa lile swali la Mahenge. Naanza upya na 1905, halafu nirudi nyuma ngomeni.

Mjukuu wa Mpogoro, nimefikiria asiyeamini awe kijana wa Kipogoro aliyepakana naye mstarini, aonaye kwamba Mbaraka hakunywa maji. Je, mtu angeweza kuingia mstarini bila kunywa, au wenzake wangemzuia?

Mjukuu wa Mpogoro:

Aliyekataa maji alihesabiwa upande wa Mjerumani. Kwa hiyo Mbaraka itambidi ajifanye amekunywa, na kijana wako amwone akiyatema. Iandike hivyo.