Ushauri: filamu yangu imeingia kwenye torenti, nipambane au niigawe mwenyewe?

Mtengenezaji: Wakuu, habari zenu. Nimehangaika miaka 2 na filamu ya makala, faili lake GB 4. Naiuza kwenye tovuti yangu, na seva inanitoza kwa data inayotoka: wakipakua watu 1,000 ni GB 4,000, sehemu kubwa ya mapato inaishia huko. Wiki iliyopita nimeikuta kwenye torenti, ile njia ya watu kugawiana mafaili mtandaoni, bure. Imeniuma sana. Nifanyeje?

FundiSeva: Pole sana mkuu. Kwenye seva yako kila mteja ni mzigo; kwenye torenti mteja huyohuyo ni mbebaji. Ndivyo mwanaprogramu Bram Cohen alivyoiunda torenti mwaka 2001: faili linakatwa vipande, kila anayepakua anawagawia wenzake vipande alivyokwisha pata, na programu inawapendelea wanaotoa. Kwa hiyo kuizima yote ni kazi bure. Napster, huduma ya watu kugawiana nyimbo, ilikuwa na orodha moja ya mafaili kwenye seva zake, mahakama ikaibana mwaka 2001 ikafunga. Hapa nakala ziko kwenye mashine za watu.

BiMhariri: Nakubali nusu. Tovuti zinazoweka filamu yako zikavuna pesa za matangazo, ziandikie waiondoe, na usione haya. Hao wanakula jasho lako. Mtazamaji wa kawaida mwache.

Kinanda: Tazama bendi ya Nine Inch Nails, Machi 2008. Sehemu ya kwanza ya albamu yao Ghosts I–IV, nyimbo 9, waliipandisha wenyewe kwenye torenti bure. Zote 36 waliuza dola 5, na maboksi 2,500 yenye sahihi kwa dola 300 kila moja. Maboksi yakaisha ndani ya siku chache: dola 750,000 hizo. Ila walikuwa na mashabiki tayari, mkuu, hilo usilisahau.

Mtengenezaji: Asanteni. Basi dakika 20 za mwanzo nizitoe mwenyewe kwa torenti, na nakala kamili iuzwe pamoja na mahojiano ambayo hayamo kwenye filamu?

FundiSeva: Ndiyo, na mwishoni mwa hizo dakika 20 weka anwani ya kununulia. Mashine yako moja iache wazi muda wote; wenye faili kamili wakiondoka wote, wapakuaji wanakwama njiani.

BiMhariri: Leseni isome kabla. Ukitumia Creative Commons, yaani leseni za kuruhusu watu waigawe kazi yako, ruhusa ukishaitoa huwezi kuwanyang'anya waliokwisha ipokea. Chagua ile inayokataza biashara, na iwe kwa hizo dakika 20 tu.