Nyumba ya urithi Mji Mkongwe: tuipake rangi kwanza ndipo tuiuze?

Bint Kiponda
Assalamu alaykum. Tumerithi nyumba ya mawe Kiponda, Unguja, mimi na ndugu zangu. Dari ni za boriti na mlango wa nakshi bado upo, ila kwa nje inatia huruma: plasta ya chini imebanduka, ukuta wa upande wa ujia una ukungu, bati limeshika kutu. Dalali anasema tupige plasta ya saruji, tupake rangi ya mafuta, tutie madirisha ya alumini, na bei itapanda sana. Ni kweli?

Mpangishaji Mkunazini
Waalaykum salaam dada. Sura ina bei yake, hapo dalali hakukosea. Mimi napangisha vyumba kwa wageni, na mgeni huiona nyumba kwenye picha kabla hajapanda boti. Wanaulizia mlango, boriti na baraza. Dirisha la alumini hakuna aliyewahi kuniulizia. Halafu mji huu umo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000. Milango na madirisha hayabadilishwi bila kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Mnunuzi makini atakutaka umwoneshe hicho kibali.

Fundi Chokaa
Dada yangu, saruji usikubali hata kidogo. Kuta zenu ni mawe ya matumbawe yaliyoshikana kwa chokaa na udongo, na chini hazina kizuizi cha unyevu. Maji ya ardhini hupanda, chokaa huyaachia yakauke kwa hewa. Ukiziba kwa saruji na rangi ya mafuta, unyevu unakosa pa kutokea, unazidi kupanda hadi kwenye ncha za boriti zilizoingia ukutani, na boriti huozea hapo.

Nyumba itapendeza msimu mmoja, miwili. Kisha rangi inafura malengelenge, chumvi nyeupe inachomoza, ukigonga ukuta unasikia pako wazi ndani. Wanunuzi waliozoea mji hugonga hivyo hivyo, kuanzia usawa wa goti, kabla hawajataja bei. Wakikuta saruji wanakata kwenye bei gharama ya kuibandua, na ikibanduliwa huondoka na vipande vya jiwe.

Pesa zenu zianzie juu. Bati na mifereji kwanza, maana maji ya paa ndiyo yanayoangusha nyumba hizi. Halafu chukua bisibisi, choma kila boriti pale inapoingia ukutani. Ikizama, hiyo ibadilishwe. Ukuta ndio wa mwisho: bandueni plasta iliyolegea, pigeni ya chokaa iliyolowekwa vizuri, tabaka jembamba jembamba, kila moja likirushiwa maji lisikauke haraka. Juu yake pakeni chokaa nyeupe. Itang'aa, na itapumua.

Na mlango, nakusihi, msiuuze peke yake. Nimeona warithi wakichukua pesa za mlango, nyumba ikabaki na geti la chuma, na kila aliyekuja baadaye akashusha bei kwa kiasi kinachozidi pesa walizopata kwa mlango.

Bint Kiponda
Ahsanteni sana. Ndugu zangu wanataka kuuza kabla ya masika, na pesa hazitoshi yote hayo. Tufanye lipi?

Fundi Chokaa
Paa na mifereji, basi. Mlango usafisheni kwa brashi laini, msiukwangue kwa msasa wala mashine, nakshi itaisha. Ujia na ukumbi fagieni, toeni makorokoro yote mtu aone ukubwa wa vyumba. Ukuta wa chini bandueni palipolegea tu mpaache wazi. Anayetafuta nyumba ya mawe hatakimbia kwa kuliona jiwe, na atajua hamkumficha kitu. Boriti mtakazobadilisha zipigeni picha kabla na baada, mpatie mnunuzi pamoja na hati. Fundi wake atazitaka.