Pikapu inasaga breki: gumzo la kikundi cha "Nyumbani Lushoto"

Hamisi: Shikamooni wakubwa. Pikapu imeanza kusaga nikishika breki. Wiki iliyopita ilikuwa inapiga filimbi tu, leo ni chuma kwa chuma, mbele kushoto. Pedali inatetema mpaka mguuni.

Mama Neema: Nimeisikia ikipita, nikatoka jikoni kuangalia kuna nini.

Shangazi: Marahaba mwanangu. Kabichi zinapakiwa alfajiri kwenda Mombo. Haiwezi kuvumilia safari hii moja? Mnunuzi ameshalipa nusu.

Mjomba Tanga: Marahaba Hamisi. Dada, haiwezi. Ule mteremko wa Soni mpaka Mombo, na mzigo nyuma, ndipo breki inapohitajika kuliko mahali pengine popote. Tutafute gari jingine la kabichi, hii ibaki nyumbani.

Mjomba Tanga: Ile filimbi ilikuwa onyo. Pedi, vile vipande vinavyobana diski inayozunguka na tairi, nyingi zina kibati kidogo kinachogusa diski zikikaribia kwisha. Onyo likipita bila kushughulikiwa, mgongo wa chuma wa pedi unaanza kula diski. Sasa nijibu: inasaga ukikanyaga tu, au hata ukiachia? Ukikata kona sauti inabadilika? Inavuta upande?

Hamisi: Nikikanyaga tu. Kona haibadilishi kitu. Inavuta kulia kidogo.

Mjomba Tanga: Basi beringi ya gurudumu tuiweke kando. Beringi mbovu hunguruma kwa mwendo hata hujagusa breki, na kwenye kona sauti hubadilika. Kokoto iliyonasa kwenye bati la nyuma ya diski nayo hulia bila kukanyaga. Kuvuta kulia kunaonyesha kushoto hakushiki sawasawa. Fanya jaribio moja: hapo uwanjani, mwendo wa mtu anayetembea, vuta handibreki taratibu bila kukanyaga pedali. Kwenye pikapu hiyo handibreki inashika dramu za nyuma peke yake.

Hamisi: Nimefanya. Kimya kabisa.

Mjomba Tanga: Nyuma pazima kwa sasa. Tubaki mbele.

Baba Neema: Mimi nimechungulia kwa tochi kupitia kwenye rimu. Pedi bado nene, labda ni vumbi la barabara tu.

Mjomba Tanga: Baba Neema, asante kwa kuangalia. Lakini uliyoiona ni pedi ya nje. Ya ndani imejificha nyuma ya diski, na mara nyingi ndiyo inayokwisha kwanza. Lazima tairi litoke.

Mjomba Tanga: Hamisi, mahali tambarare, gia ndani, handibreki juu, mawe nyuma ya tairi za nyuma. Legeza nati gari ikiwa bado chini, ndipo upige jeki. Weka stendi chini ya chesisi. Usiingize hata mkono chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake.

Rehema: Na Hamisi funika pua, vumbi la breki usilipulize kwa mdomo. Lifute kwa kitambaa kibichi.

Hamisi: [Picha] [Picha] Mjomba, ya nje imebaki karibu nusu. Ya ndani ni chuma kitupu! Diski upande wa ndani ina mifereji, kucha inazama.

Mjomba Tanga: Sasa usikimbilie kununua pedi na kufunga. Kwa nini moja imekwisha na mwenzake yupo? Shika kalipa, kile chuma kinachobeba na kubana pedi, isukume ndani na nje kwa mkono. Inateleza kwenye pini zake?

Hamisi: Ya juu inateleza. Ya chini imegoma. Kimpira chake kimechanika na ndani kuna kutu.

Mjomba Tanga: Ndiyo hiyo. Pistoni iko upande wa ndani. Ukikanyaga, inasukuma pedi ya ndani, halafu kalipa nzima inapaswa kuteleza ili ivute ya nje. Pini ikiganda, ya ndani inafanya kazi peke yake. Ukiweka pedi mpya juu ya pini iliyoganda utarudi hapo hapo mapema sana.

Shangazi: Diski je? Fundi wa sokoni anasema anaichonga, bei nafuu.

Mjomba Tanga: Inachongwa kama nyama ipo. Hamisi, kwenye diski pametiwa alama MIN TH, yaani unene wa chini kabisa unaoruhusiwa, na namba ya milimita. Pima kwa venia, kile kipimo cha unene, pale palipoliwa zaidi.

Hamisi: Baba Neema ameleta venia. Iko chini ya namba iliyoandikwa.

Mjomba Tanga: Basi haichongwi. Diski nyembamba inashika joto haraka, inaweza kupasuka. Diski mbili, pedi za pande zote mbili, pini na vimpira vyake. Upande mmoja tu ukiwa mpya, gari itaendelea kuvuta.

Rehema: Nitumieni picha ya kadi ya gari. Nanunua hapa Tanga, napakia kwenye basi la asubuhi.

Mama Neema: Dada, Canter yetu haina safari kesho. Kabichi ziende nayo, mafuta tu.

Shangazi: Mungu akubariki jirani. Nimepumua.

*Siku iliyofuata*

Hamisi: Vifaa vimefika. Pistoni nairudisha kwa klampu ya seremala?

Mjomba Tanga: Ndiyo, polepole, pedi ya zamani ikiwa katikati. Kwanza fungua kikopo cha mafuta ya breki, yatapanda. Yakikaribia kumwagika punguza, maana yanakula rangi. Kalipa ifunge kwa waya, isining'inie kwenye mpira wake wa mafuta ya breki. Pini zipake grisi ya silikoni, siyo ya beringi, hiyo inavimbisha vimpira. Diski mpya zina mafuta ya kiwandani, zifute kwa brekiklina, dawa ya kusafishia breki.

Hamisi: Pistoni imerudi bila shida. Na kulia nimefungua: pini zote mbili zinateleza ila zimekauka.

Mjomba Tanga: Zipake grisi hizo pia. Ukimaliza, kabla ya kuwasha gari, pampu pedali mpaka iwe ngumu. Mara ya kwanza itazama mpaka chini, usiende popote katika hali hiyo.

Hamisi: Imekuwa ngumu. Nimezunguka mpaka shuleni na kurudi. Hakuna kelele, haivuti.

Mjomba Tanga: Safi sana. Sasa zizoeshe pedi na diski mpya: barabara tupu, kilomita 60 kwa saa, punguza taratibu mpaka 10 bila kusimama, acha zipoe, rudia mara kadhaa. Halafu kaza nati za tairi upya.

Shangazi: Kwa hiyo Alhamisi tunapakia?

Mjomba Tanga: Pakieni, lakini mzigo wa kwanza uwe nusu. Na Hamisi, kuanzia Soni kushuka weka gia ya pili, injini ishike gari.

Hamisi: Sawa Mjomba, gia ya pili. Baba Neema, venia yako naileta jioni.