Kurekebisha wekundu uliopita kiasi katika slaidi za zamani zilizoskaniwa

Mtunza Sanduku (Tanga):

Habari zenu wanajukwaa. Marehemu baba alituachia sanduku la slaidi za rangi alizopiga Tanga na Pangani katika miaka ya 1960. Nimeanza kuziskani kwa skana ya mezani yenye taa ya slaidi kwenye kifuniko, na nimekuta makundi mawili. Zile ambazo fremu zake zimeandikwa Ektachrome (aina ya filamu ya Kodak) zimegeuka nyekundu, nyingine zikikaribia damu ya mzee. Zile za Kodachrome, aina nyingine ya Kodak, ingawa zilikaa katika sanduku hilohilo, ukizitazama kwenye mwanga ni nzuri kabisa, lakini zikishaskaniwa hutoka na ubuluu.

Nimejaribu kusawazisha weupe katika GIMP, programu ya kuhariri picha, kwa kubofya ukuta mweupe. Ukuta unakaa sawa, lakini vivuli vinabaki vyekundu. Nikivirekebisha vivuli, nyuso za watu zinaingia ukijani kama wagonjwa. Ningependa kuelewa kinachotokea kabla sijaendelea, kwa sababu wengi waliomo katika picha hizi hawapo tena, na nataka wajukuu wao wawaone kwa rangi zao.

Chumba cha Giza (Nairobi):

Mwenyezi Mungu amrehemu mzee. Umeuliza vizuri, na maelezo yako ya ukuta na vivuli yana jibu ndani yake.

Slaidi ya rangi hujengwa kwa rangi tatu zilizo katika matabaka: siani, inayozuia mwanga mwekundu, majenta, inayozuia wa kijani, na njano, inayozuia wa buluu. Katika Ektachrome za kabla ya E-6, mchakato wa kusafisha filamu ulioingia katika miaka ya 1970, mara nyingi siani ndiyo hutangulia kufifia, hata kama slaidi imefungiwa gizani, na joto na unyevu huharakisha jambo hilo. Siani ikipungua, mwanga mwekundu unakosa wa kuuzuia, ndipo picha nzima inapowaka.

Lakini rangi hupungua kwa uwiano wa wingi wake. Ukuta mweupe haukuwa na siani ya kupoteza, ilhali kivuli kilikuwa nayo nyingi na kimepoteza nyingi. Kusawazisha weupe huzidisha chaneli nzima (yaani nyekundu, kijani au buluu ya picha) kwa namba moja, kwa hiyo hakuwezi kutenda haki kwa ukuta na kivuli kwa wakati mmoja. Unachohitaji ni kubadilisha gama (kipimo cha mwangaza wa sehemu za katikati) ya chaneli nyekundu peke yake, kwa sababu gama huacha nyeupe mahali pake na huzidi kuvuta kadiri giza linavyoongezeka, yaani hufuata njia ileile ambayo rangi ilifuata ilipokuwa ikipotea.

Chukulia nguo nyeusi inayosomeka nyekundu 60, kijani 20, buluu 21, kwenye kipimo cha 0 hadi 255. Fungua zana ya viwango, chagua chaneli nyekundu, kisha usogeze kitelezi cha katikati, ambacho ndicho gama, kutoka 1.00 hadi karibu 0.57. Ile 60 itashuka hadi 20 hivi. Sehemu ya kijivu iliyosoma nyekundu 150 itashuka hadi karibu 100, na ukuta uliosoma 240 utashuka kidogo tu, hadi karibu 229. Baada ya hapo ndipo uguse ncha ya nyeupe, hasa kwenye chaneli ya buluu, kwa kuwa weupe wa slaidi za namna hii aghalabu hupata umanjano wa uzee.

Yote haya yafanyike juu ya faili ya TIFF ya biti 16 kwa chaneli, iliyoskaniwa huku marekebisho ya rangi ya skana yenyewe yakiwa yamezimwa. JPEG ya biti 8 ikivutwa kiasi hicho, vivuli vitakatika mistarimistari. Ile TIFF ya kwanza ihifadhi bila kuigusa. Ufanye kazi kwenye nakala.

Bint Shela (Mombasa):

Naongeza jambo moja kuhusu mahali pa kupima, kwa sababu picha za pwani zina mitego yake. Usiiamini kanzu: nyingi zina rangi ya maziwa tangu dukani, na ukizilazimisha kuwa nyeupe tupu utaitia picha nzima ubuluu. Ukuta wa chokaa nao huwa na umanjano wake, na ukiwa kivulini huakisi buluu ya anga. Kwa upande wa giza, buibui ni kipimo kizuri mno, na kama hakuna buibui, tafuta tairi la baiskeli au kitambaa cha mwavuli. Pima sehemu kadhaa, kisha chukua wastani wake, maana nukta moja iliyobofywa inaweza kuwa vumbi tu.

Tena, picha iliyopigwa jioni iache na ujoto wake. Jua la magharibi lilikuwa hivyo kweli, wala si kasoro ya filamu.

Chumba cha Giza:

Nakubaliana na Bint Shela, hasa kuhusu kanzu.

Mtunza Sanduku:

Ahsanteni sana. Nimejaribu gama kwenye picha ya harusi yenye wanawake waliovaa buibui, na kwa mara ya kwanza ngozi na kivuli vimekaa sawa pamoja. Imebaki dalili ya umajenta kwenye majani ya minazi. Na zile za Kodachrome je?

Chumba cha Giza:

Umajenta huo unatokana na ukweli kwamba hakuna rangi ya filamu inayozuia mwanga wa aina moja tu; kila moja huzuia kidogo na wa jirani yake. Gama ndogo kwenye chaneli ya kijani, au zana ya kichanganya chaneli, itaupunguza, ingawa kuumaliza kabisa ni vigumu.

Kodachrome ni habari nyingine. Rangi zake ziliingizwa wakati wa kusafisha filamu, nazo hudumu sana gizani, ingawa mwanga wa projekta huzichosha upesi. Slaidi zako hazikufifia. Ubuluu unatokana na skana iliyopimwa kwa filamu za aina nyingine. Programu za kuskani za VueScan na SilverFast zina chaguo la Kodachrome, anzia hapo kabla ya kugusa gama yoyote. Zima pia usafishaji wa vumbi kwa infraredi (mwanga usioonekana ambao skana hutumia kutambua vumbi), kwa sababu siani ya Kodachrome huzuia infraredi, na programu huweza kudhani kwamba nywele na kope za mtu ni uchafu, ikazifuta. Vumbi la slaidi hizo liondoe kwa pampu ya hewa ya mkono kabla ya kuskani, na linalobaki lifutwe moja moja kwenye kompyuta.