Re: "Mdakama" ni kabila gani?

Wanajamvi, salaam. Cheti cha zamani cha ubatizo cha parokia moja ya Tabora kina neno "Mdakama" kwenye nafasi ya kabila. Mwenye cheti anajulikana kuwa Mnyamwezi. Karani alikosea?

---

Mwangaluka ndugu yangu. Hakukosea. Kwa Kinyamwezi dakama ni kusini, sukuma kaskazini, kiya mashariki, ng'weli magharibi. Ni majina ya upande, na upande hutegemea anayeita amesimama wapi. Mtu wa Nzega ni Msukuma kwa mtu wa Sikonge. Huyohuyo akipeleka ng'ombe Shinyanga, anaitwa Mdakama. Kwa hiyo tafuta kwanza nani alishika kalamu. Katekista aliyetoka kaskazini angeandika hivyo bila kufikiri mara mbili.

Hata "Mnyamwezi" ni jina la kuitwa, lilitoka pwani. Wapo wanaolifungamanisha na mwezi mwandamo, unaoonekana magharibi jua likishazama, na magharibi ndiko misafara ya Bagamoyo ilikokuwa ikielekea. (Vijana wanaoita Marekani "Unyamwezini" wamefuata upande uleule, wajue wasijue.)

Kinachoonyesha asili ni utemi, yaani eneo la mtemi (chifu): Unyanyembe, Uyui, Urambo na kadhalika. Ukimpigia simu mzee wa ukoo wa mwenye cheti, tuseme shangazi yake, usimuulize kabila. Muulize watu wake walikuwa chini ya mtemi yupi na wazee wamezikwa wapi. Kijiji cha sasa kisikudanganye, Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilihamisha watu wengi. Takwimu za serikali nazo hazitakufaa: sensa ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa ya 1967.

Daftari la parokia hufuata tarehe ya ubatizo, si ya kuzaliwa. Hapo ndipo wengi hukwama: aliyebatizwa ukubwani yuko kurasa nyingi mbele ya mwaka wake wa kuzaliwa. Ndugu atakayekwenda kukutafutia mpe jina la ubatizo, la baba na la mama, na umwambie asome tahajia zote. "Ng'wana" (mtoto wa) utaikuta Ngwana, N'gwana, hata Mwana, na L na R hupokezana ovyo.

---

Kaka kamaliza ya Tabora, naongeza ya Kigoma maana mtego ni uleule. Ukikuta "Mmanyema" kwenye karatasi ya Ujiji, usikimbilie kuandika kabila. Ni jina la jumla walilopewa waliotoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika: Wabwari, Wagoma, Wabangubangu, Wabembe, Wakusu. Walipoenea hadi Dar es Salaam jina likaenda nao, ndiyo maana Kariakoo kuna Msikiti wa Manyema. Muulize mzee wa Ujiji, "Sisi ni Wamanyema gani?" Swali hilo linaeleweka na hujibiwa papo hapo. Akisema Wabwari, fungua ramani utafute Ubwari, rasi iliyochomoza ziwani upande wa Kongo. Usiende kuhangaika na jimbo la Maniema kule Kindu.